Samani za Boti: Mbao Ipi Inunuliwe Kwanza

Wateja wengi huagiza kabati la msaji mtupu. Kwa ndani ya boti, sisi tunauweka msaji nafasi ya pili.

Ya kwanza ni plaiwudi ya baharini yenye alama ya BS 1088, yaani kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya aina hiyo. Bamba la futi 8 kwa 4, unene wa milimita 12, likiwa la okume (mbao nyepesi ya Afrika) lina kilo 16 hivi. La betula, mbao nzito zaidi ya nchi za baridi, hukaribia 24. Makabati ya juu yawe ya okume, maana uzito ukipanda juu boti hulewalewa. Alama hughushiwa, kwa hiyo omba kipande, kichemshe saa nzima, kikaushe, urudie. Matabaka yakiachana, usinunue. Kagua na kingo zote nne: pengo kati ya matabaka ni ghala la maji. Plaiwudi huanza kuozea ukingoni na kwenye matundu ya skrubu, si usoni. Kila palipokatwa papakwe epoksi (gundi ya maji inayoganda na kuzuia unyevu) mara mbili au tatu, hata mgongoni mwa kabati (fundi mvivu huruka hapo hapo), ndipo ubandikwe ukingo wa mbao ngumu.

Msaji hautanuki sana na mafuta yake huzuia uozo, ila mafuta hayo hayo hukataa gundi. Uso ufutwe kwa asetoni muda mfupi kabla ya kugandisha. Pesa yake iende kwenye ngazi, kingo na meza ya sitahani. Ukiona mistari myeupe ya nje ya gogo, kataa; sehemu hiyo haidumu.

Mvule ni wa tatu: unastahimili maji, lakini nyuzi zake zimepishana na randa huzing'oa, tena vumbi lake hukereketa kifua. Mkangazi unafuata, kwa sehemu kavu tu na vanishi ya kutosha.

MDF na chipibodi, yaani mabamba ya unga au vipande vya mbao vilivyogandishwa, hata ukipewa bure, acha. Hufura, kisha skrubu hazishiki.

Kwenye oda andika: skrubu na bawaba za chuma cha pua daraja la 316, kinachostahimili chumvi zaidi, wala si 304, meza iwe na ukingo ulioinuka sentimita 3 hadi 5, droo iwe ya kuinua kidogo ndipo ivutike, isije ikafunguka kwa wimbi, nyuma ya kabati pawe na matundu ya hewa. Na upime mlango wa boti kabla ya kulipa amana. Kabati lisilopita liagizwe kwa vipande, liungwe humo humo ndani.