Ngalawa za Waikiki: wimbi nyota tano, kaunta hata moja siwapi

Nilisema ningoje hasira zipoe ndo niandike. Hazijapoa. Kama mnaenda Honolulu, kule Hawaii, na mnataka kupanda zile ngalawa zinazoteleza na mawimbi pale Waikiki, msibuku mtandaoni kupitia hawa madalali wa utalii. Msibuku kabisa.

Sisi tulilipia mapema tu kabla ya safari, hela ikakatwa kwenye kadi palepale, risiti ikaja na saa ya kuondoka imeandikwa. Tukafika ufukweni, jirani na sanamu ya Duke Kahanamoku (yule muogeleaji aliyechukua dhahabu ya Olimpiki 1912, sanamu yake watu wanaivisha mashada ya maua), kibandani kuna kijana na tableti. Namwonesha risiti, hata miwani ya jua hajavua, anasema jina lako halipo. Namwambia soma namba hiyo hapo. Eti hiyo ya mtandaoni sisi hatuijui, kaeni pembeni.

Tukakaa pembeni. Jua linachoma, na watu waliokuja nyuma yetu wanalipa palepale, wanapewa makafi, wanakwenda, ngalawa inajaa inaondoka, inakuja nyingine inajaa inaondoka, sisi bado tupo na risiti yetu yenye saa ambayo ilishapita zamani!

Hilo ningelisamehe. Ninachoshindwa kusamehe ni hiki. Alipotuita mwishowe akamwangalia mama mkwe wangu kuanzia miguuni mpaka kichwani, Mama wa watu kavaa dera lake na mtandio, halafu akaniambia mimi, sio yeye, mimi, kwamba huyu bibi hawezi, atabaki. Jamani! Kwenye masharti tuliyosoma hakuna sehemu iliyokataza wazee, walichotaka ni mtu ajue kuogelea, na huyu mama kazaliwa pwani, anaogelea kutushinda wote. Mama akaniuliza, "Anasemaje huyo, mwanangu?" Nikaona haya kumwambia.

Aliyetuokoa ni nahodha, mzee mmoja wa hapohapo, yule anayekaa nyuma na kushika usukani kwa kafi. Alisikia yote. Hakubishana na kijana, alikuja tu akampa Mama mkono akamkalisha. Na Mama wala hakuwa na habari, yeye alikuwa anaikagua ngalawa maana za kule zina tengo (lile gogo la pembeni linalozuia chombo kisipinduke) upande mmoja tu, wa kushoto, si kama zetu zenye mawili. Akaniuliza, "Na la pili wameliuza?"

Sasa huko majini ndo nachanganyikiwa niseme nini. Mnapiga kafi mpaka nje, mnageuza chombo, mnangoja. Mara mzee anapaza sauti pigeni pigeni pigeni, makafi yanagongana, nyuma kunanyanyuka, anasema acheni, na hapo wimbi lenyewe linawabeba kasi mpaka tumbo linabaki nyuma, maji ya chumvi yamejaa machoni, mlima wa Diamond Head ule kule mkono wa kulia, na mzee anawakumbusha msiegemee kulia maana tengo likinyanyuka sana mnapinduka. Mama anapiga vigelegele! Tunarudi nje, tunapanda jingine, vigelegele tena. Kwa raha ile nikasema basi, nyota tano, yaishe, kijana naye huenda aliamka vibaya.

Tunashuka, kijana yuleyule ananiambia nilipie kiti cha Mama. Kwenye tableti eti alishamwandika hakupanda, kwa hiyo kupanda kwake ni tiketi mpya. Yaani Mama kaloa chapachapa amesimama mbele yake, kiti nimekilipia toka nyumbani, halafu nikilipie tena! Nikalipa kwa sababu foleni ilikuwa inatukodolea macho na Mama alishaanza kuuliza kuna nini. Dalali nikimwandikia anasema waulize wa kibandani, wa kibandani wanasema muulize dalali, na mpaka leo dola zangu hazijarudi.

Kwa hiyo nyota tano nimezifuta. Au niseme za mzee zibaki, maana yeye hakunikosea kitu. Bahashishi yake nilimpa mkononi, nikahakikisha kijana anaona, lile kopo la tipu pale kaunta sikulitilia hata senti.