Unga wa lishe wa dukani: kikombe kimoja kinakufikisha saa ngapi?

Anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala hana muda wa kupika chapati. Wengi huruka kifungua kinywa, na ikifika saa nne hukamata maandazi mawili na chai ya rangi. Unga wa lishe, ambao hupikiwa uji, unauzwa kama jibu la shida hiyo. Maduka mengi ya Tanzania yana mifuko ya namna tatu: mchanganyiko wa nafaka nyingi, ulezi mtupu, na mahindi yaliyotiwa soya. Kwa maoni yetu ulezi mtupu unaongoza, tena kwa mbali.

Mfuko wa mchanganyiko hupambwa kwa orodha ndefu: mahindi, mchele, ngano, mtama, ulezi, soya, karanga, mara nyingine hata dagaa. Hizo nafaka tano zote kazi yao kubwa ni kutia wanga, kwa hiyo kuzirundika pamoja hakumpi mlaji faida anayoidhania. Kasoro kubwa lakini ni karanga. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na zikishasagwa mafuta hayo hukutana na hewa. Unga ukikaa wiki kadhaa kwenye duka lenye joto unaanza kuchacha. Onja chembe kavu kwenye ulimi: ukiacha uchungu kooni, urudishe. Halafu kuna sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, ambayo hupenda karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Haionekani kwenye unga, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu 20 Dodoma na Manyara, chanzo kikiwa mahindi. Nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na tarehe ya kusagwa visikose kwenye mfuko. Unga unaopimwa kwa kisado bila lebo tungeuacha.

Soya ina lake. Isipochemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa, hubaki na vizuizi vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini. Dalili yake ni harufu ya maharage mabichi wakati uji unaanza kutokota, na tumbo kujaa gesi baadaye.

Ulezi hauna mbwembwe hizo. Gramu 100 zina zaidi ya miligramu 300 za kalisi, na kwa kuwa mafuta yake ni kidogo, unga unakaa bila kuchacha haraka. Adui yake ni mchanga, maana punje ni ndogo na huanikwa chini. Koroga kijiko kimoja cha unga kwenye glasi ya maji, subiri dakika moja, mwaga taratibu, kisha pitisha kidole kwenye kitako cha glasi. Ukisikia mkwaruzo, badilisha duka.

Sasa upishi, ambako hata unga mzuri huharibiwa. Kwa lita moja ya uji chukua gramu 100 za unga, uvuruge kwa robo lita ya maji baridi mpaka mabonge yaishe. Chemsha robo tatu lita iliyobaki, mimina huku unakoroga, na usiache mwiko mpaka uji utokote. Punguza moto, uache dakika 15 hadi 20. Wengi huepua ukishakuwa mzito tu, na hapo ndipo lawama za "unga unaonuka ubichi" zinapotoka. Maziwa yatie mwishoni; kama umetia ndimu, yaache, yatakatika.

Piga hesabu ya kikombe cha mililita 300: kina unga gramu 30 tu, yaani kama kalori 100. Mengine yote ni maji, ndiyo maana saa tatu njaa imerudi na mtu anaulaumu unga. Kijiko cha chakula cha siagi ya karanga kikorogwe humo kikombeni, pamoja na maziwa mililita 100, na kalori hizo zinazidi mara mbili. Yai la kuchemsha pembeni ni bora zaidi. Sukari huongeza kalori bila kushibisha kwa muda mrefu.

Kuna njia nyingine ya kuongeza unga bila uji kuwa kama ugali: kimea cha ulezi, yaani ulezi ulioloweshwa ukaota, ukakaushwa na kusagwa. Pika uji mzito, gramu 200 kwa lita, epua, uache upoe kidogo hadi uweze kuonjwa, kisha tia kijiko cha unga wa kimea. Ndani ya dakika chache unalegea na kupata utamu kidogo. Rudisha jikoni uchemke tena. Ukikitia uji ukiwa unatokota, kimea kinakufa na hakuna kinacholegea.

Anayebeba uji kwenye chupa ya chai aupike mwepesi kuliko anavyoupenda, kwa kuwa humo ndani huendelea kuwa mzito.