Tuisheni ya Jumamosi ambako wanafunzi hufundishana: tathmini ya mzazi

Kwa muhula mzima nimempeleka binti yangu, aliye kidato cha tatu, katika kituo cha tuisheni kilichopo Tabata, Dar es Salaam, ambacho sitakitaja jina kwa kuwa pamoja na sifa nina la kukilaumu. Ada ni shilingi 40,000 kwa mwezi kwa Baiolojia na Hisabati, kwa muda wa saa tatu kila Jumamosi. Kilichonivutia ni utaratibu wao: mwalimu hufundisha kwa muda mfupi, kila mwanafunzi huandika peke yake anachokumbuka akiwa amefunga daftari, kisha hukaa wannewanne na kuelezana.

Nilikwenda na shaka, kwa kuwa kizazi chetu kilisoma kwa kukariri na kuhesabu maongezi darasani kuwa utovu wa nidhamu. Shaka ilipungua jioni moja, wiki nzima baada ya somo, nilipomsikia binti yangu akimweleza mdogo wake kwa nini mkono huondoka kwenye sufuria ya moto kabla mtu hajafikiri: habari inatoka kwenye ngozi, inafika kwenye uti wa mgongo, na amri inarudi kwenye msuli bila kungoja ubongo.

Alieleza kwa Kiswahili, na hapo ndipo ninapokipa kituo hiki alama za juu kabisa. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukutana na Kiingereza katika karibu kila somo la sekondari, na wengi hukimbilia kumeza sentensi za daftarini kama wimbo, hivyo swali likigeuzwa kidogo tu wanakwama. Katika makundi haya wanaruhusiwa kubishana kwa Kiswahili mpaka waelewane, ndipo kila mmoja anaandika jibu kwa Kiingereza cha mtihani.

Utafiti unauunga mkono utaratibu huu. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, wanasaikolojia wa Marekani, walionyesha kuwa wanafunzi waliorudia kusoma kifungu walikumbuka zaidi baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja walipitwa na wale waliojipima kwa kukikumbuka bila kukitazama. Kwa vijana liko na jambo jingine: katika umri huo macho ya wenzao yana uzito mkubwa, na binti yangu, ambaye hanionei haya mimi akishindwa swali, hujiandaa kuanzia Ijumaa ili asiumbuke mbele ya watu watatu wa rika lake.

Lawama yangu ni kwamba katikati ya muhula wanafunzi waliongezeka, makundi yakafika watu tisa, na hatua ya kuandika peke yako ikaachwa ili kuokoa muda. Hasara ilikuwa kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu watu wanaokumbuka jambo kwa pamoja kwa kawaida hutoa machache kuliko idadi ileile ya watu waliokumbuka kila mmoja kivyake na majibu yao yakaunganishwa. Mpangilio ambao mmoja anautumia kukumbuka mambo huvuruga ule wa mwenzake. Binti yangu ni mpole, basi alikaa akiwasikiliza wasemaji wawili na kurudi nyumbani akidhani ameelewa. Nilizungumza na msimamizi, na baada ya wiki mbili makundi yalirudi kuwa ya wanne, ingawa ile hatua ya kuandika sasa inategemea ni mwalimu gani yuko zamu.

Chumba kina joto na feni ni moja. Simu hukusanywa mlangoni, jambo ninalolishukuru.

Muhula ujao nimelipia Baiolojia peke yake. Katika Hisabati mmoja hukokotoa na watatu hunakili, na kwa hilo hahitaji kupanda daladala mbili kila Jumamosi.