Tamiya Panel Line Accent Color: nzuri, ila iogope plastiki tupu
Hii ni rangi nyepesi ya kukolezea mifereji midogo ya modeli za plastiki. Chupa ni ya mililita 40, ina brashi nyembamba kifunikoni, na ndani mna enameli (rangi ya mafuta) iliyokwisha kuchanganywa na tina, kimiminika cha kuifanya nyepesi. Kwa anayeunda modeli za vifaru za kipimo cha 1/35 (ndogo mara 35 kuliko kifaru halisi), hii haifai kukosekana mezani. Tikisa vizuri, futa brashi kwenye mdomo wa chupa, kisha gusa mara moja tu kwenye kona ya mlango au kando ya ribiti. Rangi hujivuta yenyewe kufuata mfereji.

Kahawia iliyokolea hukaa vizuri juu ya kijani cha jeshi. Gari jeupe la polisi litie kijivu. Nyeusi hulifanya lionekane limechorwa kwa kalamu.

Tangulia na vanishi ya kung'aa, mfano akriliki ya X-22, ikauke usiku kucha. Juu ya rangi isiyong'aa, enameli husambaa na kuacha madoa. Hatari kubwa ni tina kutuama kwenye plastiki tupu yenye mkazo, hasa ekseli na mikono inayoshika magurudumu: plastiki hupasuka. Sehemu hizo zipakwe rangi kwanza, na matone yawe machache.

Ziada ifutwe kwa kijiti cha pamba kilicholowa kidogo tina ya enameli X-20. Ubavuni vuta kutoka juu kwenda chini.