Tangi la kioo kutoka kwa fundi wa Kadutu

Nafundisha jiografia sekondari hapa Bukavu. Miaka yote delta, ile nchi ya mchanga na matope ambayo mto huilundika unapoingia baharini, nimeichora kwa chaki, watoto wakanakili tu. Muhula huu nikamwendea fundi wa vioo karibu na soko la Kadutu: nataka tangi la urefu wa sentimita 100, upana 40, kina 35, na ubavuni tiyo ya kutolea maji inayopandishwa na kushushwa. "Mwalimu, tiyo hiyo ya nini?" Nikamwambia ndiyo bahari.

Alisema siku tatu, zikawa wiki mbili. Tena kioo cha kwanza, cha milimita 4, kilibinuka kwa uzito na silikoni ikaachia pembeni; madaftari ya mstari wa mbele yote yalilowa. Siku hiyo niliumia sana. Lakini alikuja mwenyewe, akaweka kioo cha milimita 6, na hakudai hata franka moja.

Tiyo yake ndiyo iliyonifanya niandike haya. Nilijaza mchanga mweupe upande mmoja, nikafungulia maji taratibu, delta ikakua kama kiganja. Nikashusha tiyo sentimita 8, na maji ya tangi yakashuka nayo. Kijito kikaanza kuila delta yake chenyewe, kikachimba bonde na kusukuma mchanga mbali, kwenye kina. Ndivyo mito ya pwani ilivyofanya miaka 20,000 hivi iliyopita, maji mengi yalipokuwa barafu nchi kavu na bahari iko chini kwa mita 120 hivi. Kisha nikapandisha tiyo: bonde likazama, likajaa mchanga. Nikamimina maji ya udongo wetu mwekundu, nikaacha yatue usiku kucha.

Asubuhi nilitoa maji, nikakata mchanga kwa kipande cha bati. Watoto walisogea hadi pua zinagusa kioo: bonde jeupe, na juu yake utando mwekundu usiozidi unene wa ukucha. Mchanga una vitundu ambamo mafuta au gesi hukaa. Udongo juu yake huzuia visipande. Mchanga ukishagandamana kuwa mwamba, hapo ndipo wachimbaji wanapotafuta. Delta ya Niger ina tabaka za namna hiyo zikipishana, mchanga na udongo, na mafuta ya Brent, katika Bahari ya Kaskazini, yalikutwa kwenye mchanga wa delta ya enzi ya Jurasiki, zama za dinosaria.

Msichana mmoja akauliza mbona Mto Kongo hauna delta kama Nile. Swali zuri kuliko yote ya mwaka huu! Korongo la chini ya bahari linaanzia ndani kabisa ya mlango wa mto, kwa hiyo mchanga unateremkia kilindini badala ya kulundikana pwani.

Ukimwendea fundi huyu, taja milimita 6 tangu mwanzo, na usibebe tangi kabla silikoni haijakauka vizuri. Kibanio cha tiyo kinalegea baada ya wiki chache. Mimi nakikaza kwa kamba ya mpira.