Kibanda umiza cha Barabara ya 12, Ngamiani: hapa tuzo ya mwongozaji inafundishwa

Vibanda vya video vya Ngamiani, Tanga, vingi ni mpira tu. Hiki ni cha mtu anayependa filamu. Kiingilio ni shilingi 500. Usiku wa kuamkia Machi 3, 2025 tulilipa 1,000, pamoja na kahawa na kashata. Ramadhani ndiyo kwanza imeanza, watu macho tukisubiri daku, na Oscar, tuzo kubwa za filamu za Marekani, ikaanza saa tisa usiku kwa saa zetu.

Ukutani Mjomba, mwenye kibanda, ametundika ubao wa waongozaji bora wa filamu. Safu ya kwanza ni washindi wa chama cha waongozaji cha Marekani, ya pili ni wa Oscar. Tangu 1948 majina yamepishana mara nane tu, na hizo kaziandika kwa chaki nyekundu. Mwaka 2013 chama kilimpa Ben Affleck, ambaye kwenye Oscar hakuteuliwa kabisa. Akachukua Ang Lee. Mwaka 2020 chama kikampa Sam Mendes, Oscar ikaenda kwa Bong Joon-ho wa Korea Kusini. Wanawake walioshinda Oscar kawazungushia duara: Kathryn Bigelow 2010, Chloé Zhao 2021, Jane Campion 2022. Basi. Mtu mweusi, tangu tuzo zianze 1929 mpaka usiku ule, hakuna. Mzee aliyekaa karibu yangu aliuliza mara mbili kama ubao haujakosewa. Iliniuma.

Mimi nilikuwa upande wa Brady Corbet, mwongozaji wa The Brutalist, maana alishabeba tuzo za Golden Globe ya Marekani na BAFTA ya Uingereza. Mjomba akagonga safu ya kwanza kwa kidole: "Sean Baker wa Anora. Chama kimempa, na kule wanaopiga kura ni waongozaji wenyewe. Fundi ndiye amjuaye fundi." Mimi nashona nguo, neno hilo likaniingia.

Adhana ya alfajiri ilipolia alizima sauti, tukaenda kuswali, tukakuta mabenchi yetu yametunzwa. Kulipokucha Baker akatajwa. Jukwaani akawasihi wenzake waendelee kutengeneza filamu za skrini kubwa. Mjomba alitutafsiria maneno hayo akiwa amesimama, chaki mkononi, sauti inamtetemeka.

Kasoro zipo. Spika moja inakwaruza, mabenchi hayana mgongo, na tafsiri inategemea pumzi za Mjomba peke yake. Ukienda, kaa benchi la pili upande wa mlango. Nyuma feni haifiki.