Suzuki ya turubai: ununue nini kwanza, nini kisubiri

Mwenye SJ410, SJ413 (vijipu vidogo vya Suzuki) au ndugu yao wa Kihindi, Maruti Gypsy, anajua tabu yake: vifaa vingi vya gari hizi havipo dukani vikiwa tayari. Unanunua malighafi, unampelekea fundi, unasimama pale pale mpaka amalize. Orodha hii nimeipanga kwa namna ambavyo ningetoa pesa yangu mwenyewe, na muziki haumo.

1. Upinde wa bomba nyuma ya viti

Gari ni fupi, ekseli kwa ekseli milimita 2,030 tu kwa SJ fupi (Gypsy ni ndefu zaidi), na limeinuka. Mwaka 1988 jarida la Marekani la Consumer Reports lilidai Samurai, yaani hii hii, inapinduka kirahisi. Suzuki ikaenda mahakamani 1996, na kesi ikaisha kwa maafikiano 2004. Wabishane wao, likipinduka lako, juu ya kichwa chako kuna kitambaa tu; upinde ndio wa kubeba uzito wa gari.

Chaguo la kwanza ni bomba la chuma lisilo na mshono, kipenyo milimita 45 na unene 2.5, au 50 kwa 2. Hivyo ndivyo vipimo ambavyo FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, inadai kwa upinde mkuu wa magari ya rali. Chaguo la pili ni bomba jeusi lenye mshono, la unene huo huo. Kwa gari la kwenda ufukweni Jumapili nalikubali, kwa mashindano hapana. Usikubali bomba la maji la mabati, hata fundi akikuapia. Zinki yake ikiungua inatoa moshi unaomwumiza mchomeleaji, na weld inabaki na vitundu. Bomba la fanicha lenye kung'aa ni pambo tu.

Ukiwa Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, usinunue kwa macho. Ingiza kidole kwenye mdomo wa bomba uzungushe: ukikuta tuta jembamba linalokwenda na urefu, lina mshono, aseme muuzaji atakavyo. Kisha pima unene kwa venia (kipimio cha taya) pale lilipokatwa. Kukunja kufanyike kwa mashine. Kona iliyobonyea au kukunjamana irudishwe.

Miguu ya nyuma ya kuegemeza nayo ni lazima, imelala angalau nyuzi 30 kutoka wima, maana upinde uliosimama peke yake unalala mara moja. Kila mguu ukae juu ya sahani ya chuma ya milimita 3, eneo lisilopungua sentimita 120 za mraba, na nyingine chini ya bodi ili bati libanwe katikati. Bolti tatu za M8 (kipenyo milimita 8), daraja la nguvu 8.8, kwa kila mguu. Watu wa pwani hupenda bolti za stenlesi kwa ajili ya kutu, lakini zile za kawaida za A2-70 zina nguvu ndogo kuliko 8.8. Chukua 8.8 zilizopakwa zinki, paka grisi, kagua kila baada ya masika. Na kama bati la sakafu limeliwa, anza na bati.

Mwisho kaa kwenye kiti, mwenzako alaze ubao ulionyooka kutoka juu ya upinde hadi juu ya fremu ya kioo cha mbele. Ukigusa nywele, upinde ni mfupi. Bomba lililo karibu na kichwa livishwe sponji ngumu, si ya godoro.

2. Mikanda

Mkanda wa pointi tatu unaojivuta ndio bora kwa barabarani. Wa mtumba uvute wote mpaka mwisho: ukiona nyuzi zimechanika au rangi imepauka kwa jua, uache. Bolti zake ni za inchi 7/16, uzi mwembamba wa UNF. M10 au M12 zisilazimishwe humo.

Mkanda wa rali wa pointi nne unapendeza, ila bila upinde ni hatari: gari likipinduka unakufunga ukiwa umekaa wima, huwezi hata kuinama. Nao wale wa benchi la nyuma wanaokaa kiubavu? Mimi siwapakii barabara kuu.

3. Kizuia upepo

Wengi wanahangaika na kioo cha mbele, kumbe upepo unaokuchosha unarudi kutoka nyuma, ukivutwa na hewa iliyopungua ndani. Funga kizuizi kwenye upinde, kati ya mabega na kichwa. Polikaboneti (plastiki ngumu inayopitisha mwanga) ya milimita 4 inafaa kuliko pasipeksi (akriliki), ambayo ikivunjika inatoa vipande vyenye makali. Usiifute kwa petroli, itapasuka nyufa. Neti nene nayo inapunguza upepo vizuri, kwa bei ndogo.

4. Turubai

Turubai la PVC linazuia mvua lakini linachemsha watu. La kanvasi linapumua na ni zito. Pwani nachagua kanvasi. Sisitiza uzi wa poliesta, kwa kuwa wa pamba unaoza kwenye mishono, na zipu za plastiki.

5. Viti

Hivi visubiri. Leza (ngozi) nyeusi juani utaikalia mara moja tu. Chukua kitambaa cha turubai cha rangi nyepesi juu ya sponji isiyonyonya maji, na fundi atoboe matundu chini ya kava, maana siku moja mvua itakukuta mbali na turubai lako.